Ile Mafuta Nyepesi ya Mashine Kubwa

Watu wakifa huku kwetu, mimi ndio huitwa kuongea. Sio ati nimesoma. Mimi darasa la kwanza nilipita nikienda kuchunga ng'ombe, nikachungulia kwa dirisha, nikaona mwalimu ameshika kiboko, nikaendelea na safari yangu. Huitwa kwa sababu naweza kufanya mjane acheke kabla machozi haijakauka. Kwa hivyo Habili alipokufa mwezi wa pili mwaka huu, hata jeneza haijapigwa msumari, mimi nilikuwa nimeshawekwa kwa programu: rafiki wa marehemu, Nashon. Nikasimama huko kwake Navakholo chini ya turubai, nikaambia watu vile Habili alikuwa anaamkanga mapema mpaka jogoo wa kwao wakaacha kuwika, waliona kazi yao imechukuliwa. Nikawaambia vile alipenda obusuma, mpaka ugali ikiwekwa mezani ikimwona inaanza kutetemeka yenyewe. Watu walicheka mpaka mchungaji akafuta macho na tai. Nikakaa chini wakinipigia makofi, kwa matanga! Na nikiwa pale kwa kiti ya plastiki, shati imelowa jasho mgongoni, nikajua nimeongea nusu saa mzima juu ya mtu niliyefanya naye kazi mwaka mmoja tu, na huo mwaka nimeuruka wote kama mtu anaruka shimo ya choo.

Huo mwaka ulikuwa tisini na saba. Kulikuwa na mama mmoja Kakamega mjini, tulimwita Madam Jerida, nesi aliyestaafu, na alikuwa amepata kandarasi ya kukata nyasi: uwanja wa gofu, mashule, makanisa, na maboma ya wakubwa wa serikali. Sasa wewe ambaye hujawahi kuishi Kakamega utafikiri kukata nyasi ni kazi ndogo. Huku mvua inanyesha kila siku mchana kama imeandikwa kazi. Ukiweka kofia chini kwa nyasi uende kunywa maji, ukirudi utatafuta hiyo kofia na mbwa. Madam alikuwa na mashine tatu za kusukuma kwa mkono, na moja ya kukaa juu, nyekundu, ilitoka Nairobi ikiwa imetumika kidogo. Hiyo tuliiita Mashine Kubwa, na dereva wake alikuwa mimi. Nilikuwa na miaka ishirini na nne. Nikipita nayo kando ya barabara watoto wa shule walinipigia kelele, na mimi nikawapungia mkono polepole kama rais anatoka ndege. Wasichana pia waliangalia. Mmoja aliniuliza kama hiyo kitu inaweza kufika Kisumu, nikamwambia inafika Mombasa, ni vile tu nyasi ya huko ni kidogo.

Stoo yetu ilikuwa nyumba ya mabati nyuma ya boma ya Madam. Mpaka leo nikinusa petroli imechanganyika na nyasi mbichi, narudi mle ndani. Mashine zilipangwa ukutani, blade zikaning'inia kwa misumari, na katikati kulikuwa na jiko ya makaa ambayo saa nne ilipikiwa chai na viazi vitamu. Mwenye kupika alikuwa Selina, mama wa kukusanya nyasi na reki, ambaye alijua habari ya kila boma tulikokata. Mwenye ufunguo wa stoo alikuwa Habili. Yeye alikuwa amefika darasa la nane, na alikuwa na kitabu ameifunga na kamba kwa mlango, anaandika kila siku: mashine gani imefanya masaa mangapi, mafuta ilibadilishwa lini, na nani ameibadilisha. Mtu mwembamba, mpole, kanisani alikuwa anabebanga kapu ya sadaka. Akinywa chai alimwaga kidogo kwanza kwa kifuniko cha thermos, anapuliza, anakunywa hapo kama paka. Mimi nilikuwa namchokoza. "Habili, hiyo kitabu yako siku moja itakuuliza umeoga saa ngapi." Naye anasema tu, "Nashon, mashine haina mdomo. Kitabu ndio mdomo yake."

Siku moja, mwezi wa tano hivi, Madam akaingia stoo akifuatwa na mkokoteni. Kwa mkokoteni kuna makopo ya mafuta, inang'aa, sio kama ile tulizoea. Ndugu yake Nairobi ndiye alimtumia. Akatukusanya kama watu wa chanjo. "Hii ni mafuta ya sinthetiki," akasema. "Imetengenezwa na wataalamu kwa maabara, haikuchotwa tu chini ikachujwa. Hizi mashine zetu hazina maji ya kupoza injini kama gari. Zinapozwa na upepo peke yake, na nyasi ikijaa pale kwa mapezi, hizi chuma nyembamba za kando ya injini, upepo haupiti. Injini inashika moto, mafuta ya kawaida inachoka, chuma inaanza kula chuma. Hii haichoki upesi. Asubuhi ya baridi inafika kila mahali haraka, mchana wa joto inabaki vile vile. Ni bei kali. Kwa hivyo inaenda kwa Mashine Kubwa peke yake, na Habili ndiye ataitunza."

Habili akafungua kopo moja. Mimi nikachovya kidole. Lazima niwaelezee hapa vile sisi tulikuwa tunajua mafuta. Hatukusoma kopo, tulisoma kidole. Unachovya, unasugua na kidole gumba, halafu unaachanisha polepole. Mafuta nzuri inavuta kama mrenda, ile mboga yetu, inakuwa uzi mrefu kutoka kidole mpaka kidole. Mafuta mbaya inakatika. Kila dereva wa trekta ya miwa alipima hivyo, kila mwenye posho mill ya kusaga mahindi, na mimi ndio walikuwa wananiita kuhakikisha, kwa sababu kidole yangu ilikuwa na jina. Basi nikachovya hiyo sinthetiki. Nyepesi, rangi ya chai ya mgonjwa. Nikaachanisha vidole. Hakuna uzi. Hata nusu uzi. Madam alipotoka nikacheka mpaka nikashika ukuta.

"Mama ameuziwa maji," nikasema.

"Sio maji," Habili akasema, akigeuza kopo. "Imeandikwa hapa. Inaonyesha vile iko kwa baridi na vile iko kwa joto. Lazima iwe nyepesi ndio ikimbie ndani."

"Ikimbie iende wapi? Mafuta inatakiwa kukaa!"

"Nashon, wewe unasoma na kidole."

"Na wewe unasoma na macho, na macho inadanganywa. Umeona mwanamke amepaka poda?"

Selina akacheka, akamwaga chai kwa makaa. Nikajiona nimeshinda. Hiyo ndio ugonjwa yangu tangu zamani: watu wakicheka, mimi hufikiri nimesema ukweli.

Mwaka huo huo nilikuwa najenga simba yangu, ile nyumba ya kijana. Kijana wa Kiluhya akishakuwa mtu, lazima atoke kwa nyumba ya mama ajenge yake kando, na mpaka uwe nayo, hata kuku wanakupita bila kukusalimia. Nilikuwa nimesimamisha nguzo kumi na mbili, za mti wa blugamu, na mchwa wa kwetu wanajulikana. Mchwa wa kwetu wanaweza kula stuli na wewe umekalia. Dawa yake ni kupaka nguzo mafuta chafu, ile imetolewa kwa injini, nyeusi. Kila mtu anafanya hivyo, mpaka waya za shamba nguzo zake ni nyeusi. Lakini Habili alikuwa mchoyo na mafuta chafu. Aliimwaga yote kwa pipa, anapelekea fundi wa mbao wa kanisa, na akaandika hiyo pia kwa kitabu.

Halafu mwezi wa nane, Jumatatu asubuhi, mtu akaja mbio kuambia Habili bibi yake Rispa ameshikwa na uchungu, mtoto wa kwanza. Habili akavaa kofia nyuma mbele. Akanipa ufunguo, mimi, rafiki yake. "Leo Mashine Kubwa imefika masaa yake ya kubadilishwa mafuta," akasema. "Mwaga ile ya zamani, weka hii mpya, kopo iko pale juu. Nikirudi nitaandika." Akaenda akikimbia.

Nikabaki na kopo ya lita nne na akili yangu. Ningesema nilikuwa mwizi, ingekuwa rahisi kueleza. Sikuwa mwizi. Nilikuwa najua, kabisa, kwa moyo wote, kwamba naokoa ile mashine. Nilikuwa na rafiki dereva wa trekta ya miwa, alikuwa amenipatia mkebe wa mafuta ya giaboksi, nzito, ukiivuta uzi yake unaweza kufunga ng'ombe. Nikasema, hii ndio mafuta. Nikaimimina kwa Mashine Kubwa, ilishuka polepole kama asali kwa baridi, na mimi nafurahi. Na ile maji ya Madam? Nikaibeba nyumbani nikapaka nguzo za simba yangu. Zote kumi na mbili, na iliyobaki nikapaka mlango. Huenda Afrika nzima hakuna nyumba ya udongo imewahi kupakwa mafuta ya bei kama hiyo. Kwanza haikuwa hata nyeusi, nguzo zilikaa tu kama zimetoka kuoga.

Siku ya pili Habili akarudi, macho nyekundu, anacheka peke yake. Amepata kijana, amemwita Boaz. Selina akapiga vigelegele mpaka jirani wakachungulia. Habili akachukua kalamu.

"Mafuta ulibadilisha?"

"Nilibadilisha."

"Uliweka ile mpya?"

"Sasa kwani kuna nyingine gani?"

Akaandika. Na kwa sababu ufunguo ni wake na kazi ni yake, akaweka jina yake. Mimi nilimwangalia akiandika. Sikujua kusoma, lakini jina la Habili nilikuwa nalijua kwa umbo, lilianza na kitu kama ngazi. Nikaona ile ngazi.

Mashine ikaanza kuwa ngumu kuwaka asubuhi. Inakohoa, inalia, inatoa moshi. Habili akaniambia hiyo sauti si nzuri, tuifungue tuangalie mafuta. Nikamwambia ni petroli imeingia maji, nitaisafisha mimi. Akakubali. Aliniamini, na siku hizo hakuwa analala, mtoto analia usiku kucha, alikuwa anasinzia akisimama.

Siku kumi hivi, Alhamisi, jua kali, mimi niko juu ya Mashine Kubwa kule gofu, wageni wanakuja Jumamosi kucheza. Nikasikia sauti kama nguruwe anashikwa, halafu kitu kikapiga ndani, pa! Mafuta ikaruka ikanipiga suruali. Mashine ikasimama, na ikasimama milele. Fundi Swale alitoka Mumias na baiskeli kuja kuifungua. Akatusalimia salaam aleikum wote mmoja mmoja, akakunja mikono ya kanzu, akafungua. Mkono wa pistoni ulikuwa umevunjika ukatoboa injini ubavuni. Akachovya kidole kwa ile mabaki, akaachanisha, na uzi ukatoka mrefu, mzuri, kama vile mimi nilipenda.

"Subhanallah," akasema. "Nani ameweka uji kwa injini? Hii ya kukata nyasi ina kijiko kidogo ndani, kinachota mafuta kinarusha juu. Hii nzito kitairusha vipi? Juu kulikuwa kukavu. Imekufa na njaa, na chakula iko hapo chini."

Jioni hiyo Madam alitusimamisha stoo. Kandarasi ya gofu ilikuwa imekwenda siku hiyo hiyo. Jiko ilikuwa imezima, hakuna mtu alipika chai. Akasoma kitabu pale mlangoni, akaiachilia ikaning'inia na kamba yake.

"Habili. Hapa ni jina yako?"

"Ni yangu, Madam."

"Kopo ilikuwa mpya. Kwa injini sio hiyo ilitoka. Uliuza wapi mafuta yangu?"

Habili akaangalia kitabu. Akanigeukia. Hakunielekezea kidole, hakusema Nashon ndiye. Alinipa nafasi tu, kama mtu anakusogezea kiti. Na mimi nikaangalia mabati nikahesabu matundu. Sasa nitasema kitu ambayo sijawahi kumwambia mtu. Sikunyamaza kwa kuogopa kufukuzwa. Niliogopa kuchekwa. Kwamba Nashon mwenye kidole, Nashon dereva, amepaka simba yake mafuta ya Nairobi na akaua mashine kwa ujinga. Kuitwa mwizi, pengine ningevumilia. Kuitwa mjinga sikuweza. Kwa hivyo rafiki yangu akaitwa mwizi.

Na kama ningenyamaza tu, afadhali. Lakini ile kimya ilikuwa inaniwasha, na mimi kimya siwezi. Nikasema, "Madam, pengine ni tumbili walitoka msituni wakakunywa. Hawa wa Kakamega wanapenda vitu vya bei."

Selina alicheka. Alifunika mdomo lakini alicheka. Hata Madam, na hasira yake yote, pua ikatoa pumzi ya kicheko. Nikaona Habili ameinamisha kichwa. Baada ya watu kucheka, hakukuwa tena na kitu ya kuuliza. Aliweka ufunguo juu ya pipa akatoka. Jumapili kapu ya sadaka ilibebwa na mtu mwingine, na Habili aliketi nyuma na Rispa na mtoto, karibu na mlango. Jumatatu Madam alinipa ufunguo mimi.

Mwezi wa kumi, Habili akanitembelea. Alikuwa ameanza kukata miwa, mikono yake imekatwakatwa na majani, masizi imeingia kwa ngozi. Nilichinja kuku. Ilikuwa jogoo yangu ya pekee, na ningekuwa na ng'ombe ningechinja ng'ombe, kwa vile roho ilikuwa inanipiga. Simba yangu ilikuwa imekwisha, kitanda, meza, kalenda ukutani. Tuliketi tukiongea mambo ya kura na mvua. Nikamwekea ingokho, hiyo kuku, na juu ya nyama yake nikaweka imondo, firigisi, ile ambayo kwetu hupewa mtu wa heshima. Habili akaegemea nguzo kando ya mlango apate kukaa vizuri. Akahisi kitu kwa mkono. Akaangalia kidole. Akasugua na kidole gumba, akaachanisha polepole, akanusa. Mafuta chafu inanuka moshi. Hiyo haikunuka moshi.

Mimi nilikuwa nimeshika tonge ya obusuma, haikupanda mdomoni wala haikushuka. Akaangalia nguzo moja, akaangalia ingine, mpaka mlangoni. Halafu akachukua imondo kwa sahani yake akaiweka kwa yangu.

"Kula wewe," akasema. "Mwenye nyumba ni wewe."

Akala nyama yake, akanawa, akashukuru, akaenda. Hatukugombana. Tukikutana sokoni miaka yote hiyo tulisalimiana vizuri, na mimi nilimtupia mzaha, naye akacheka. Ile simba mchwa walikula kabla mwaka haujaisha, walikula kama imepakwa siagi. Kusoma nilikuja kujifunza nikiwa na miaka arobaini, darasa ya watu wazima, nyuma ya kanisa. Niliweza kuandika jina la Habili kabla ya langu. Kwake sikuenda.

Baada ya matanga nilikaa wiki tatu, chakula hainiingii. Nikaenda Navakholo. Nilimpata Mama Boaz, ndio Rispa, ameketi nje ya jikoni anachambua mboga, nguo ya kilio bado iko juu yake. Akanipa kiti akatabasamu. "Shemeji, ulituchekesha siku ile. Hata mimi nilisahau kidogo." Nikamwambia nimeleta kitu nilikosa kusema. Nikasema yote. Kopo, giaboksi, nguzo, tumbili. Aliacha kuchambua. Mboga ilibaki mkononi.

"Hakuniambia," akasema.

"Yeye alijua, Mama Boaz. Aliona kwa nguzo."

"Nasema hakuniambia mimi." Sauti yake ilikuwa chini sana. "Mimi nimekaa na yeye nikijua ni yeye. Kitu ikivunjika hapa nyumbani, hata kikombe, namwambia, mwua mashine, umerudia tena. Watoto wakaichukua kwa mdomo yangu. Wakakua wakimwita hivyo, Mwua Mashine, naye anaitika. Juzi hospitalini amemwaga uji, mkono haina nguvu. Nikamwambia hivyo. Nikamwambia hivyo, shemeji, na hiyo ndio neno ya mwisho aliyosikia kwangu, kwa sababu alilala hakuamka."

Kwa nini Habili hakusema, mimi sijui, na wa kumwuliza hayuko. Pengine alikuwa ananingojea mimi niseme mwenyewe. Pengine aliona haya kwa ajili yangu. Nilitaka kumpa huyo mama neno moja ya kumshika, mimi nimeshika wajane wa lokesheni nzima, na sikupata.

Akaweka mboga chini. Akaita nyuma ya nyumba, "Boaz! Ita wenzako, kuja wote hapa." Wakaja, wanne, watu wazima, Boaz mbele, mrefu na mwembamba, kope za baba yake kabisa. Wakanisalimia na heshima, wakaketi kwa nyasi mbele yangu. "Nashon ana maneno ya baba yenu," mama yao akasema. Na kabla sijafungua mdomo, nikaona wote wanne wameshaanza kutabasamu.